Mama na baba mkubwa wamebadilishiwa nyonga wiki moja, mbona mama yuko nyuma sana?

Kitindamimba aliandika:

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana nyumbani hatuelewani. Mama yangu ana miaka 68, baba mkubwa ana 71, wote nyonga zilisagika wakawekewa za bandia ndani ya wiki moja, daktari huyohuyo. Leo wiki ya saba. Baba mkubwa magongo alishaacha, anatembelea fimbo tu na saa nyingine anaisahau mlangoni. Mama bado yuko na fremu ya kutembelea, na akitaka kupandisha mguu kitandani mpaka apitishe taulo chini ya unyayo auvute kwa mikono, namwangalia machozi yananilenga. Sasa ndugu wameanza maneno eti anadeka, hapendi mazoezi, mbona shemeji yake na uzee wote ule anatembea. Inaniuma kwa kweli. Hivi wanawake na wanaume wanapona tofauti au kuna shida mahali?

Fizio wa Wodi alijibu:

Pole sana. Kabla ya yote, hiyo ya taulo sio kudeka, sisi wenyewe watu wa mazoezi ya viungo ndio tunawafundisha mpaka misuli ya mbele ya paja ipate nguvu.

Nikuulize, mama alichechemea muda gani kabla ya operesheni? Mara nyingi jibu liko hapo. Wanawake wengi wanafika kwa daktari wa mifupa wamechelewa, maumivu yameshakuwa makali na kutembea kumeshapungua, na mguu usipotumika misuli inanywea. Nyonga mpya inaondoa maumivu lakini misuli hairudishi, hiyo inajengwa upya polepole, miezi mpaka mwaka. Halafu mwanamke kwa maumbile ana misuli kidogo kuliko mwanaume, kwa hiyo akipoteza kilo moja ya misuli sio sawa na baba mkubwa kupoteza kilo moja. Wiki hizi za mwanzo wanaume wengi wanaonekana wako mbele kwa sababu walianzia mbele. Ila ukimpima kila mmoja kuanzia pale alipokuwa, wanawake wanapata nafuu kubwa tu, hawaachwi.

Kwa hiyo mama mpimeni kwa mama. Mwekeeni kiti kirefu kisichozama, mtu awe karibu, ajaribu kuinuka bila kushika chochote, mhesabu mara ngapi wiki hii na mara ngapi wiki ijayo. Na fremu msimnyang'anye. Kama akitembea kiwiliwili kinalalia upande, misuli ya ubavuni mwa nyonga bado, akiacha fremu mapema atazoea kuchechemea na kulitoa zoea hilo ni kazi.

Nyonga Mpya alijibu:

Mimi ni mwanamke nilifanyiwa ya kushoto nikiwa na 61, naomba niseme kitu ambacho wengi hawakisemi. Muulize mama kama anachoka sana au anaishiwa pumzi, mimi nilikuwa nikitoka kitandani mpaka chooni nimeloa jasho, watu wanasema mvivu, kuja kupimwa damu iko chini kabisa, na sisi wanawake wengi tunaingia chumba cha operesheni damu ikiwa kidogo tayari halafu operesheni nayo inapunguza nyingine, nilipoanzishiwa dawa za kuongeza damu ndio mazoezi yakaanza kwenda.

Halafu swali la pili. Baba mkubwa anapikiwa na nani? Na mama anapikiwa na nani? Maana mwanaume akitoka hospitali anarudi kwenye mikono ya mke, kazi yake ni mazoezi na kulala, mwanamke anarudi kwenye nyumba yake ileile, wiki ya tatu ameshasimama jikoni ameegemea fremu anaosha vyombo, jioni mguu umevimba, saa ya mazoezi ikifika hana nguvu tena. Huyo mnamwita mvivu kweli?

Mwana wa Mzee alijibu:

Naunga mkono, ila wakuu msije mkadhani wanaume tuko salama. Mzee wangu alianguka akavunjika nyonga, na kuvunjika ni habari nyingine kabisa na kusagika. Wanaovunjika wengi ni wanawake, kama robo tatu, lakini mwaka wa kwanza baada ya kuvunjika, ukilinganisha kwa asilimia, wanaofariki zaidi ni wanaume, maana wengi wao wanaanguka wakiwa na magonjwa mengine tayari. Mzee baada ya operesheni mkojo ukaziba sababu ya tezi dume, akawekewa mpira, usiku wa pili akachanganyikiwa akawa ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Siku nne ndio akarudi sawa. Na kilichoniuma zaidi hakuna aliyempima uimara wa mifupa, watu wanaona ni ugonjwa wa kina mama, mwaka uliofuata akaanguka tena akavunjika mkono. Huyo baba mkubwa anayesahau fimbo mlangoni mwangalieni sana.

Msomaji tu aliuliza:

Mimi nimesikia nyonga za bandia za wanawake zinaharibika mapema, kweli?

Fizio wa Wodi alijibu:

Kuna utafiti wa Marekani wa 2013, wagonjwa zaidi ya 35,000, walifuatiliwa kama miaka mitatu. Waliohitaji kurudiwa operesheni walikuwa 2.3% kwa wanawake na 1.9% kwa wanaume. Tofauti ipo ila ni ndogo, isimzuie mtu.

Kitindamimba, cha kuwahi hospitali kwa yeyote kati yao, mwanamke au mwanaume: shavu la mguu kuvimba na kuuma, pumzi kubana ghafla, kidonda kutoa maji au usaha, au maumivu makali ya ghafla na mguu kuonekana mfupi. Hayo hayasubiri kesho.

Kitindamimba aliandika:

Asanteni sana jamani. Nimekaa na mama jana usiku nikamuuliza, kumbe alichechemea miaka minne, sisi tunajua miwili, alikuwa anaficha tusihangaike. Na vyombo kweli anaosha, sisi tukitoka. Kuanzia leo zamu ya jikoni ni yangu na kaka, kesho tunampeleka akapime damu. Hilo la kiti tumelijaribu asubuhi, ameinuka mara tatu bila kushika, ya nne akakaa. Nimeandika kwenye kalenda ukutani, na yeye ndiye aliyeniambia niandike.