Mjadala: Mafunzo ya kidijitali yapewe maktaba ya umma au yaachiwe saiba (maduka ya intaneti)?

Mtoa hoja, Kisumu
Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linataja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, lakini wengi wetu bado tunaiona maktaba kuwa chumba cha watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, tu. Leseni ya udereva, mkopo wa masomo wa HELB na ritani za kodi za KRA zimekwisha kuhamia mtandaoni. Napendekeza fedha za kaunti za mafunzo ya kidijitali zianzie maktabani, wala si kwenye semina za siku moja hotelini, ambako mtu hutoka na cheti na kofia bila kugusa kibodi.

Shangazi yangu huuza omena (dagaa) katika soko la Kibuye. Akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, alifunguliwa na kijana wa saiba ambaye, kwa haraka ya foleni, aliingiza namba yake mwenyewe ya simu. Tangu hapo kila namba ya kuthibitisha ikawa inaingia kwa kijana huyo, na siku alipohama mtaa, alihama nayo. Shangazi alibaki na nywila tu, imeandikwa kwa kalamu nyuma ya daftari la madeni.

Mwenye saiba, Kaptembwa, Nakuru
Ndugu, kosa la mmoja usitutwike sote. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani, anayeingia kwangu hataki somo. Anataka karatasi yake mkononi arudi kwenye boda. Mimi nalipa kodi ya chumba, stima na leseni ya kaunti. Maktaba ikianza kujaza fomu bure, kaunti itakuwa inanifungia duka kwa pesa nilizoilipa mwenyewe.

Mkutubi mstaafu, Kakamega
Tusichanganye kumfanyia mtu kazi na kumfundisha kuifanya. Saiba hulipwa kwa fomu iliyokamilika, kwa hiyo haina sababu ya kumfundisha mteja asirudi tena, na sisemi hivyo kwa kuilaumu. Maktaba haina haraka hiyo. Nimewaona watu wazima wakishika kipanya kwa mara ya kwanza, wakakiinua hewani na kukielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni. Mtu huyo anahitaji nusu saa ya utulivu na mtu asiyemcheka.

Zaidi ya hayo, wasidhaniwe kuwa hawajui lolote. Haohao ambao tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 wamezoea kwamba PIN haitajwi hata kwa mume, humwachia mgeni nywila ya akaunti iliyobeba kitambulisho chao. Usiri wanaujua vyema, ila hakuna aliyewaambia kwamba hizo mbili ni ndugu. Somo la kwanza lianzie hapo, tena kwenye simu zao, kwa Dholuo au Kiluhya inapobidi. Kompyuta zitafuata.

Mfanyabiashara, Nyalenda, Kisumu
Mwalimu, nakuunga mkono, lakini meza yangu ataishika nani? Maktaba hufunguliwa saa zilezile ninazouza, na nikifunga, imefungwa pia. Jumapili, Kibuye inapofurika, hata simu yangu mwenyewe siipokei. Mkitaka tujifunze, njooni Jumatatu asubuhi, wateja wakiwa wachache, na masomo yasizidi saa moja.

Mtoa hoja
Dada, hilo nililisahau, na pengine ni kwa sababu mimi hukaa ofisini. Nalirekebisha pendekezo langu: sehemu ya fedha hizo imwezeshe mkutubi kwenda sokoni na vishikwambi vichache.

Kwa ndugu wa Kaptembwa, kujaza fomu kubaki kazi ya saiba. Ila maktaba itakapofundisha, naomba iwaalike pia vijana wenu, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu taarifa za wateja wanazozishika kila siku, na sijaona saiba iliyoibandika ukutani kando ya bei za kuchapisha.

Na Jumatatu hiyo ya kwanza, somo liwe moja tu: kuhakikisha namba ya simu iliyo kwenye akaunti yako ni yako.