Kooikerhondje Mwanza: wanaomjua vizuri mbwa huyu naomba msaada

MamaLuchelele

Wakuu habari za leo. Familia moja ya Kiholanzi inahama na inataka kutuachia mbwa wao jike wa miezi saba, aina ya Kooikerhondje. Ni mdogo, sentimita 38 hivi begani, mweupe mwenye mabaka mekundu-machungwa, na masikio yana ncha nyeusi. Makaratasi yake yote yapo. Kabla sijamchukua naomba kujua:

Anafaa kulinda nyumba? Mbona akiitwa kwa sauti kubwa anaganda au anaingia chini ya meza? Tuko karibu na ziwa, watoto wanataka kuogelea naye, kuna ubaya? Na jirani ana dume zuri la kienyeji, anaomba tuwapandishe. Karibuni.

KooikerBwiru

Dada, anza na kazi aliyofugiwa, majibu mengi yamo humo. Mbwa huyu hakufugwa kukamata bata wala kuokota aliyepigwa risasi. Kule Uholanzi kuna mabwawa ya kutegea bata yaliyozungukwa na miti. Kutoka kwenye bwawa inachepuka mifereji iliyopinda, imefunikwa wavu, inazidi kuwa myembamba hadi kwenye mtego. Kandokando ya mfereji husimamishwa viambaza vya matete, kimoja baada ya kingine. Mtegaji anajificha nyuma yake. Mbwa anazunguka viambaza hivyo: anaonekana, anapotea, anaonekana tena mbele kidogo, na ule mkia mweupe wenye manyoya marefu unapepea. Bata wakimwona anaondoka hushikwa na udadisi, wanamfuata. Wakishaingia ndani, mtegaji anajitokeza nyuma yao, nao wanakimbilia mbele mtegoni. Siku hizi baadhi ya mabwawa hayo hutumika kukamata bata wavishwe pete za utafiti, kisha waachiwe.

Kazi hiyo yote hufanywa kimya. Mbwa husoma ishara ya mkono na mkao wa bwana wake. Sasa mbwa aliyechaguliwa kwa vizazi vingi asikie mnong'ono, wewe ukimpigia kelele anaona hatari, si amri. Kuganda kwake si ukaidi.

Kumfundisha kuitika: chukua kamba nyepesi ya mita 10 na mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, sema "njoo" mara moja tu kwa sauti ya chini. Akifika, mpe kipande cha ini lililochemshwa, kidogo kama punje ya harage. Dakika tano zinatosha, mara tatu kwa siku. Usimwite kamwe ili umwogeshe au umtoe kupe. Kwa hayo mfuate wewe alipo. Wengi huharibu hapo, neno "njoo" linageuka kuwa onyo.

Kulinda: atabweka mgeni akifika, basi. Ana kilo 10 hivi, hawezi kumzuia mwizi. Ukimfunga mnyororo mchana na kumwachia usiku kama tunavyozoea, utapata mbwa anayebweka ovyo na kuogopa kila mtu. Alale ndani.

Kuhusu watoto, wengi wa aina hii hawapendi kukumbatiwa wala kuinamiwa kichwani. Akigeuza uso, akilamba midomo au akikakamaa, anaomba nafasi, aachwe. Asipigwe kwa kunguruma: mtamnyamazisha, na siku nyingine atauma bila kuonya. Baadhi yao pia hulinda bakuli. Anapokula asinyang'anywe, pita karibu umtupie kitu kitamu zaidi, hadi azoee kwamba mtu akija analeta.

DaktariWaMifugoKirumba

Kwenye makaratasi tafuta vipimo viwili vya vinasaba.

Kwanza, ugonjwa wa uti wa mgongo unaofupishwa ENM, ambao hulegeza miguu ya nyuma. Huanza mbwa akiwa na miezi mitatu hadi kama kumi na tano, na hauna tiba. Wako yuko katikati ya umri huo. Mtembeze kwenye sakafu ya saruji pakiwa kimya usikilize kama kucha za nyuma zinakwaruza, kisha zitazame kama zimelika juu. Nyuma ikiyumba, usimchukue kabla hajapimwa.

Pili, von Willebrand, damu kutoganda. Huu una uzito wa pekee hapa kwetu kwa sababu ya kupe. Ugonjwa wa kupe uitwao ehrlichia hupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mbwa mwenye matatizo yote mawili anaweza kutokwa damu hadi kufa kwa upasuaji mdogo tu. Kwa hiyo kabla ya kumfunga kizazi mwambie daktari apime vyote. Dawa ya kupe apewe mwaka mzima, si masika tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka.

Akirukaruka kwa mguu mmoja wa nyuma hatua mbili tatu kisha akatembea sawa, pia ya goti inahama. Mpeleke ikaguliwe.

Kupandisha na dume la mtaani: hapana. Kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa mbwa wakipandana, nao ni wa kawaida kwa mbwa wanaozurura. Halafu aina hii ilikaribia kutoweka kabisa. Baronesi van Hardenbroek van Ammerstol ndiye aliyewatafuta waliobaki wakati wa vita kuu ya pili, na Uholanzi iliitambua rasmi mwaka 1971. Kwa kuwa chimbuko ni mbwa wachache, magonjwa ya kurithi ndiyo yamebanana hivi, na wafugaji huchagua dume kwa vipimo. ENM na von Willebrand hujitokeza pale mtoto anaporithi kasoro kutoka kwa wazazi wote.

MvuviKayenze

Ziwani msiende wakati maji yamekuwa kijani kizito kama rangi iliyomwagwa, hasa kwenye ghuba tulivu. Ule mwani una sumu ya ini, na mbwa akitoka hujilamba manyoya akaimeza. Mamba nao wapo, msimwachie kwenye matete. Na watoto, dada, kichocho hakijaisha ziwa hili.

Akitoka majini msuuze kwa maji safi, umkaushe kabisa. Kishona nguo hushika manyoya ya masikio, mkia na nyuma ya miguu. Chana mara mbili kwa wiki na ukague katikati ya vidole. Asinyolewe, manyoya ya tabaka mbili humkinga na jua. Matembezi kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, maana mawe yetu huunguza nyayo.

MamaLuchelele

Asanteni sana, jumatatu naenda kumsikiliza kucha. Chakula je, dagaa wanafaa?

DaktariWaMifugoKirumba

Wanafaa. Waoshe mchanga uishe, wachemshe bila chumvi wala kitunguu, changanya na wali na nyama kidogo. Vichwa na miiba usitoe, kalsiamu iko humo. Miiba ya sangara iliyopikwa hapana, huchoma utumbo. Unga wa mahindi yaliyoota ukungu usimpe hata kidogo, sumukuvu huua mbwa haraka. Ukitumia chakula kikavu cha dukani, kwa umri wake gramu 200 hivi kwa siku, milo miwili, na umpime uzito kila mwezi. Mbavu uzihisi kwa vidole bila kubonyeza, zikijificha, punguza.