Hilux iliyonyanyuliwa inchi 2: mipira ya breki ibaki ile ile, brakti zishushwe, au nifunge mirefu?

Pangani_Vigo
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux Vigo ya 2008, dabo kebini, diski mbele na ngoma nyuma. Imenyanyuliwa inchi 2 hivi. Mbele fundi ameweka spesa juu ya shokapu, nyuma ameweka bloku kati ya springi na ekseli, na shokapu za nyuma ni mpya, ndefu kuliko za mwanzo. Gari imekaa vizuri na breki zinashika. Ila nikilala chini yake naona ule mpira wa breki wa nyuma, unaopitisha mafuta ya breki kutoka kwenye chasisi kwenda juu ya difu, umenyooka kuliko zamani.

Nimeshauriwa mambo matatu tofauti. Mmoja anasema niache kama ilivyo. Mwingine anasema nishushe brakti tu, yaani kishikio cha mpira kwenye chasisi, mpira ule ule utatosha. Wa tatu anataka nifunge mipira mirefu yenye nyavu za chuma gari nzima. Gari hii inashuka Lushoto hadi Mombo ikiwa na mzigo, kwa hiyo suala la breki sitaki kulibahatisha. Naombeni mnisaidie kulinganisha.

Mkamba_4x4
Salamu kutoka Machakos. Inchi 2 haina shida ndugu yangu. Hilux yangu nimeinyanyua hivyo hivyo, mipira ni ya kiwandani mpaka leo, na barabara za huku zina mawe kweli kweli. Pesa hiyo weka kwenye tairi.

FundiWaKijenge
Mkamba, nikuulize kwanza: wewe uliinyanyua kwa kitu gani?

Pangani, hesabu ya inchi haikupi jibu. Magari mawili yanaweza kuwa juu sawasawa yakiwa yamesimama, moja likahitaji mpira mrefu na jingine lisihitaji kabisa. Cha kuangalia ni ekseli inashuka mpaka wapi tairi likining'inia, kwa mfano ukivuka mtaro na tairi moja likabaki hewani. Hapo ndipo mpira unapovutwa. Gari ikiwa imesimama sakafuni utauona umelegea na utajidanganya.

Anayebadilisha koili za mbele akaweka ngumu zaidi bila kugusa shokapu, gari yake inakaa juu, lakini tairi linaposhuka linakomea pale pale pa zamani kwa sababu shokapu ndiyo kizuizi. Mpira wake hauongezewi kazi. Spesa juu ya shokapu ni habari nyingine. Inaisukuma shokapu nzima chini, na kwa jinsi mkono wa chini unaoshikilia gurudumu ulivyo, spesa ya sentimita 2.5 inaweza kushusha tairi karibu sentimita 5. Kizuizi kimehama. Nyuma nako bloku imeisogeza ekseli mbali na chasisi, na wewe umeongeza shokapu ndefu, maana yake umeiruhusu ishuke zaidi ya ilivyokuwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima. Piga jeki, weka stendi chini ya chasisi, si chini ya ekseli, acha matairi yote yaning'inie. Vua tairi. Mbele kata usukani mpaka mwisho kulia, halafu mpaka mwisho kushoto, huku ukiushika mpira kwa vidole. Unatakiwa ubaki na mkunjo. Ukiwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, au umejipinda pale kwenye nati, huo haufai hata kama hauvuji. Na usimwombe mtu akanyage breki ukiwa chini ya gari iliyo kwenye jeki tupu bila stendi. Nalisema hili kwa sababu naliona kila siku.

Mkamba_4x4
Mbele niliweka koili tu, shokapu ni zile zile. Nyuma niliongeza bapa moja kwenye springi. Sasa nimeelewa kwa nini yangu haijasumbua. Pangani, basi usifuate yangu, zako zimefanywa kwa njia nyingine.

Sabini_na_Tisa
Mimi nina Land Cruiser 79, ekseli nzima mbele na nyuma, yaani chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, na nimefunga mipira mirefu yenye nyavu za chuma. Naitetea, lakini kwa sababu tofauti na zile wanazotaja wauzaji.

Ndani ya mpira huo kuna bomba la PTFE (plastiki aina ya tefloni), juu yake wavu wa chuma kisichoshika kutu. Hautanuki sana ukikanyaga breki, kwa hiyo pedali inakuwa ngumu kidogo mguuni. Jiwe likirushwa na tairi haliuchani kirahisi. Ubaya wake ni kwamba wavu ukigusa kitu kingine unakisaga, iwe ni waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge) au rangi ya chasisi. Na huwezi kuona hali ya ndani. Mpira wa kawaida ukizeeka unakuonyesha nyufa, ukiukunja kidogo unaziona. Huu haukuambii kitu. Nunua wenye kifuniko cha plastiki juu ya wavu kama unaupata.

Jambo jingine ambalo watu hulipita haraka: mrefu kupita kiasi nao ni hatari. Baada ya kufunga, shusha gari, kisha inua tairi moja la mbele kwa jeki mpaka springi ibanwe, na ukate usukani. Mpira uliotosha vizuri tairi likining'inia unaweza kujikunja ukagusa tairi likiwa juu. Wangu wa kulia ulikuwa unagusa ukingo wa ndani wa tairi usukani ukiwa umekatwa mwisho, ukahitaji klipu moja tu kuuvuta pembeni. Ukiongeza urefu, ongeza kile kilichopungua ulipopima, na akiba kidogo basi.

Bi_Mkwajuni
Mnazungumzia mpira peke yake. Pangani, Vigo nyingi zisizo na ABS zina vali ya mzigo kwenye chasisi nyuma, yenye fimbo inayoshuka hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima gari limebeba kiasi gani. Kitako kikishuka kwa mzigo, inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Kikiwa juu, inapunguza ili matairi ya nyuma yasijifunge.

Ukiweka bloku umeiambia vali kwamba gari ni tupu wakati wote. Utapakia magunia, utashuka mlima, na breki za nyuma zitafanya kazi nusu nusu huku za mbele zikichemka. Mpira unaweza kuwa mzuri kabisa na bado hujamaliza. Dawa yake ni kuinua kishikio cha fimbo kwenye ekseli au kushusha kile cha juu kwa kiasi kile kile cha bloku, fimbo irudi kwenye pembe yake. Mwambie fundi aliyefunga bloku akuonyeshe alichofanya hapo. Akikuuliza vali gani, tafuta fundi mwingine.

Pangani_Vigo
Nashukuru sana dada, hilo hakuna aliyelitaja kwangu.

Nimepima leo kama fundi alivyoelekeza. Mbele, tairi likining'inia na usukani umekatwa pande zote mbili, mpira una mkunjo mdogo, unaweza kusogezwa kwa vidole, ila upande wa kushoto umebaki kidogo sana. Nyuma hali si nzuri. Umekaza kabisa, na brakti ya chasisi imeanza kuvutwa upande. Fimbo ya vali nayo imelala chini, haijaguswa.

Je, nyuma nishushe brakti au nibadilishe mpira? Na kuna mtu mjini anatengeneza mipira ya hidroliki ya magreda, anasema ataniundia urefu wowote.

FundiWaKijenge
Huyo wa hidroliki mwache. Mpira wa magreda umetengenezwa kwa mafuta ya madini. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yana asili ya glikoli, na mpira usio wake huvimba na kulegea kwa ndani. Nje utauona mzima, ndani unaziba au kumeguka. Mpira halali wa breki huwa umechapwa maandishi mwilini, jina la mtengenezaji na alama ya kiwango. Usio na maandishi usifunge.

Kushusha brakti ni njia nzuri kwa mbele, hasa kwako ambapo upungufu ni mdogo. Unabaki na mpira wa kiwandani na unapata spea popote. Lakini nyuma, juu ya brakti kuna paipu ya chuma, na kwa sentimita zako hizo paipu hiyo itabidi ikunjwe. Ikikunjwa kwa mkono bila kifaa inabonyea, na palipobonyea ndipo itakapopasuka. Kwako nyuma weka mpira mrefu, wa kawaida unatosha. Wenye nyavu ni hiari, si lazima gari nzima.

Siku ya kazi, fundi asibane mpira kwa praizi kuzuia mafuta yasimwagike, anaua nyuzi za ndani. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, isining'inizwe kwenye mpira, ifungwe kwa waya kwenye springi. Washa (pete) za shaba kwenye bolti zinazofunga mpira kwenye kalipa ziwe mpya. Kisha toa upepo kwenye mafuta ya breki kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), yaani nyuma kushoto kwa gari zetu za usukani wa kulia. Baadhi ya vali hizo za mzigo zina nipo yake ya kutolea upepo, usiiruke.

Bi_Mkwajuni
Na mara ya kwanza jaribu ukiwa mtupu sehemu tambarare, kanyaga kwa nguvu mara kadhaa, kisha lala chini uangalie kila nati kwa kitambaa kikavu. Ndipo upakie.

Pangani_Vigo
Sawa kabisa. Mbele brakti ya kushoto na kulia zinashushwa, nyuma mpira mrefu, na vali inarekebishwa siku hiyo hiyo. Mpaka hapo gari haipandi Lushoto. Sabini_na_Tisa, ile klipu yako uliifunga kwenye mkono wa juu au kwenye chasisi?

Sabini_na_Tisa
Kwenye chasisi, juu ya tundu la bolti lililokuwepo tayari. Ila yangu ni ekseli nzima na yako ina mikono, kwa hiyo pima tena tairi likiwa juu na likiwa chini kabla hujatoboa chochote.