Naomba ushauri: modeli yangu ya kalkoni inakataa kutabiri

Chipukizi: Wakuu, nimekwama. Nina kalkoni 12 (kampaundi zenye pete mbili za benzini) zilizopimwa kwa bakteria Staphylococcus aureus, na modeli ya kukisia nguvu yao kutokana na muundo wa molekuli. R², yaani jinsi modeli inavyolingana na data iliyoijenga, ni 0.94, lakini nikiacha kampaundi moja nje na kuitabiri, Q², kipimo cha utabiri huo, inaanguka hadi 0.18. Nibadilishe programu? Nawasilisha wiki ijayo.

Titresheni: Tumia PLS, njia ya takwimu inayovumilia deskripta (namba zinazoelezea molekuli) zinazobadilika pamoja.

Bi Mizani: Programu haina kosa. Kwenye pete kuna makundi gani? Deskripta zilianza ngapi?

Chipukizi: Florini, klorini, bromini na iodini, nafasi mbalimbali. Deskripta... 1,200, zikabaki 5.

Bi Mizani: Halojeni zote zina π (kupenda mafuta) chanya na σ (kuvuta elektroni) chanya, kwa hiyo umerundika kila kitu kona moja. Na ukichagua 5 kati ya 1,200 kwa kampaundi 12, bahati tu inakupa R² hiyo. Topliss na Costello walilionya hili 1972. Vuruga mpangilio wa thamani za MIC (kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria) mara 100, na kila mara uchague deskripta upya. R² isiposhuka, huna modeli.

Chipukizi: Lakini klorini ndiyo bora, na 3,4-dikloro nimeshaagiza.

Mzee wa Maabara: Kijana, majaribio hupangwa kabla ya kupima. Kuchagua kilichopo kabatini si kupanga.

Bi Mizani: Jaza kona zilizo tupu: siano (π −0.57, σ 0.66), tert-butili (1.98, −0.20), haidroksi (−0.67, −0.37), zote nafasi ya 4. Isiyo na kundi iko 0, 0. Ipime mara tatu, siku tofauti, uone kosa la kipimo. Haidroksi usiitengeneze kwa alikali NaOH: inapoteza protoni na kugeuka fenoksidi, na aldehidi unayoanzia inapoteza makali. Tumia asidi.

Jicho Kali: Hebu weka MIC.

Chipukizi: 50, 25, 25, 12.5, 25, 6.25...

Jicho Kali: Za kutunga hizi! Kila namba ni nusu ya nyingine.

Chipukizi: Sijatunga! Niliandika kisima cha kwanza kilichobaki angavu, bakteria hawakuota.

Bi Mizani: Anasema kweli, dawa huzimuliwa nusu kwa nusu. Ila hatua moja ni logi 0.30, na kutoka 50 hadi 6.25 ni hatua tatu tu. Hizo ni mikrogramu kwa mililita?

Chipukizi: Ndiyo.

Bi Mizani: Geuza ziwe mikromoli kwa lita kabla ya logi, la sivyo iodini itaonekana dhaifu kwa sababu ya uzito wake tu.

Chipukizi: Na ile dikloro?

Bi Mizani: Isiingie kwenye kujenga modeli. π yake 1.42 na σ 0.60 zitakuwa ndani ya mipaka mipya. Itabiri kwanza, ndipo uipime.