Ulinganisho: video, kadi za Anki, benki ya maswali au mgonjwa wa kwenye kompyuta? Kipi kinamfaa mwanafunzi wa udaktari anayeanza wodi

Mkufunzi_wa_Wodi (mleta mada)

Wadau, salaam. Nafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu, wale wanaoshika stethoskopu mbele ya mgonjwa kwa mara ya kwanza. Muhula ujao nimekabidhiwa somo zima la moyo na mapafu: wiki 8, wanafunzi 90, na ruhusa ya kupanga upya namna ya kufundisha.

Muhula uliopita nilirekodi mihadhara yangu yote, saa moja moja, nikaipandisha kwenye Moodle, jukwaa letu la masomo mtandaoni. Wanafunzi walinishukuru sana. Kisha tukaingia wodini. Nikamsimamisha mmoja mbele ya mzee mwenye vali ya aota iliyosinyaa (mlango wa kutokea damu moyoni uliokuwa mwembamba). Akanitajia visababishi vitatu bila kukwama, tena kwa mpangilio mzuri. Nilipomwambia asikilize, stethoskopu akaiweka chini ya chuchu ya kushoto na kuiacha hapo hapo. Hakwenda juu kulia, nafasi ya pili kati ya mbavu, wala hakugusa shingo. Yule mzee alitutazama sote wawili, na nilijua kosa ni langu.

Sasa nachagua kati ya video fupi, kadi za Anki, benki ya maswali, atlasi ya anatomia ya 3D na programu za mgonjwa wa kwenye kompyuta, yaani mgonjwa wa kuigizwa. Siwezi kuvitumia vyote. Kila mwalimu akiongeza kiungo kimoja tu, mwanafunzi anaishia na viungo 40 asivyovifungua. Mliotumia, naomba mnieleze kipi kilibadilisha kitu, na kipi kilikula muda bure.

Kadi_Alfajiri

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tano, natumia Anki, programu ya kadi za kujikumbusha, tangu mwaka wa kwanza. Naitetea, ila nieleze na upande wake mchungu.

Programu inakuuliza, unajibu, unaiambia ulipata kwa shida au kwa wepesi, nayo inapanga siku ya kukuuliza tena. Kanuni yake ya zamani inatokana na SM-2 ya Piotr Woźniak ya mwaka 1987. Tangu 2023 ina mpya iitwayo FSRS, inayojirekebisha kulingana na kumbukumbu yako mwenyewe. Kwa majina ya dawa, vimelea, neva na matawi ya mishipa, sijaona kinachoifikia.

Mwaka wa pili nilichukua kifurushi cha watu chenye maelfu ya kadi, nikawa najibu mamia kila siku. Nilikuwa najibu kwa kutambua sura ya sentensi. Swali lile lile likiulizwa kwa maneno mengine, nilikuwa sina kitu. Nikalifuta lote, nikaanza kuandika kadi zangu baada ya kulielewa jambo, zisizozidi 15 kwa siku. Kwa hiyo mwalimu, ukiwapa kadi, wape chache, na wape baada ya kipindi, si kabla. Kadi hukusaidia usisahau ulichokielewa. Kama hukukielewa, hakuna cha kukitunza.

Mpenda_Ushahidi

Mleta mada, tafiti za kukujibu zipo, ngoja niziweke mezani.

Mwaka 2008 David Cook na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la JAMA tathmini ya tafiti 201 kuhusu kufundisha wahudumu wa afya kwa intaneti. Ukilinganisha somo la intaneti na kutofundishwa kabisa, tofauti ni kubwa. Ukililinganisha na ufundishaji wa kawaida, tofauti inakuwa ndogo na inayoyumba kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Kwa maneno mengine, intaneti ni njia ya kufikishia. Muhadhara mbovu ukiurekodi, umepata muhadhara mbovu unaoweza kurudiwa.

Kuhusu video ndefu: mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi wa mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video za masomo kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Muda wa kati wa kutazama haukuvuka dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani.

Na hili ndilo ningeomba ulibandike ukutani. Roediger na Karpicke, 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja tu, kisha likajaribu mara tatu kuikumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha walibaki na 61%, waliorudia kusoma 40%. Ndiyo maana wanafunzi wako walikushukuru kwa zile video. Kutazama tena kunampa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo ni ya kweli kwa dakika zile tano.

Kwangu mimi, benki ya maswali inakuja mbele ya video kwa mbali. Sharti lake ni maelezo: kila jibu lisilo sahihi lielezwe kwa nini si sahihi. Benki inayosema tu "umekosa" inapoteza nusu ya somo.

Meza_ya_Anatomia

Naomba nipunguze shauku ya 3D kidogo, mimi ninayeifundisha kila siku.

Ina mahali pake. Mradi wa Visible Human wa maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani ulitoa mwili mzima wa mwanaume mwaka 1994, umekatwa vipande vya milimita moja moja, na wa mwanamke mwaka uliofuata, vipande vya theluthi moja ya milimita. Mwanafunzi anayejifunza kusoma CT (picha za eksirei za mwili kipande kwa kipande), ukimwekea kipande kile kando ya picha ya CT ya usawa ule ule, anaelewa kwa saa moja jambo ambalo mimi nilihangaika nalo mwaka mzima.

Ila atlasi ya kuzungusha kwa kidole ina mtego. Wanafunzi wanazungusha moyo pande zote, wanafurahia rangi, na mwisho hawajui wanautazama kutoka wapi. Mimi siku hizi nawapa sura tatu tu: mbele, nyuma, na chini, moyo unapokalia kiwambo (msuli wa kupumulia). Wakizichora hizo tatu kwa penseli bila kutazama, ndipo nawaachia wazungushe. Na bado hakuna skrini iliyowahi kumwonyesha mtu kwamba mshipa wa mwanadamu huyu haupiti palipoandikwa kitabuni. Hilo maiti inalifundisha siku ya kwanza.

Kwa somo lako la moyo, mkuu, 3D iwe kipindi kimoja tu. Usiifanye mhimili.

Nesi_Mwalimu

Naona mnashindanisha vitu vya kichwani na tatizo la mleta mada ni la mikono na masikio.

George Miller mwaka 1990 aliweka ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anafanya. Kadi na maswali vinafika ngazi ya pili, na mgonjwa wa kwenye kompyuta aliyetungwa vizuri anaigusa vyema hiyo ya pili. Ya tatu inataka mwili wa kushika na mtu wa kukutazama ukikosea.

Na mwili huo hauhitaji kuwa wa gharama. Resusci Anne, mwanasesere wa kufundishia kufufua, alitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal, Mnorwei aliyekuwa akitengeneza midoli. Tangu hapo teknolojia imeongezwa juu yake, na nyongeza ninayoithamini kuliko zote ni kipimo kinachokuambia umekandamiza kifua kina gani. Mtu mzima anatakiwa sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Nimewafundisha watu waliojibu namba hizo vizuri kwenye karatasi, wakifika kwa mwanasesere wanakandamiza sentimita 3 na kuamini wamefika. Kipimo kinawaonyesha papo hapo na mkono unajirekebisha. Hapo teknolojia imefanya kazi ambayo jicho langu lisingeiweza kwa wanafunzi 30 kwa pamoja.

Kwa kupima kifua, waweke wawili wawili wasikilizane wenyewe kwa wenyewe, umepanga vituo na saa mkononi. Kifua cha mwenzake kizima kikishazoeleka sikioni, kibovu kitajitangaza.

Bando_Limeisha

Mwanafunzi hapa. Naomba tu mkumbuke kwamba si wote tuna intaneti ya kutosha. Video ya saa moja yenye ubora wa juu mimi siifungui, nasubiri mwenzangu anisimulie. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu kupakua somo na kulisoma bila mtandao, lakini mwalimu lazima aweke mafaili madogo. Sauti peke yake pamoja na PDF ya kurasa nne, hata mwenye simu ya zamani anasoma.

Mkutubi_wa_Tiba

Nimekusoma, Bando_Limeisha, na naongeza hapo hapo: walimu wengi wanarekodi upya vitu ambavyo vipo tayari, bure, na vimehaririwa.

Picha za eksirei na CT zenye maelezo ya kesi: Radiopaedia, ipo tangu 2005. Sura fupi za magonjwa: StatPearls, inasomeka bure ndani ya Bookshelf ya NCBI. Anatomia na fiziolojia ya msingi: kitabu cha OpenStax, kinapakuliwa chote na leseni yake inaruhusu kukikata na kukipanga upya mradi utaje chanzo. Mazoezi kamili ya kufundishia, yenye kesi na fomu za tathmini: MedEdPORTAL. Makala: PubMed Central. Na kama chuo kipo katika nchi inayostahili, Hinari ya WHO, iliyoanza 2002, inafungua majarida ambayo yangegharimu pesa nyingi. Chuo ndicho kinachojisajili, si mtu mmoja mmoja, na nimeona walimu wakilalamika miaka bila kumuuliza mkutubi wao kama nywila ipo.

Ombi moja: angalieni leseni kabla ya kupandisha picha. Na picha ya mgonjwa wenu wenyewe isiingie mtandaoni bila ridhaa yake ya maandishi, hata uso ukifichwa. Kovu na tatuu vinamtambulisha mtu.

Daktari_Mafunzoni

Mbona hakuna aliyegusia akili mnemba? Naitumia kuwa mgonjwa. Naiandikia dalili, umri na hofu zake, naiambia isinipe utambuzi wa ugonjwa, kisha nauliza maswali kama nipo kliniki. Kwa kujizoeza kuchukua historia ya ugonjwa inasaidia sana.

Mpenda_Ushahidi

Daktari, kwa mazoezi ya mazungumzo nakubali, endapo kesi imeandikwa na mwalimu. Kama chanzo cha maarifa, hapana. Inatunga marejeo yasiyokuwepo, yenye majina na mwaka, kwa lugha ile ile ya kujiamini inayotumia kwa yaliyo kweli, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu hana uwezo wa kuyatofautisha. Taarifa za mgonjwa halisi zisiingizwe kabisa.

Mkufunzi_wa_Wodi (mleta mada)

Nimesoma yote mara mbili. Nesi_Mwalimu, umenigusa palipouma. Nilikuwa natafuta kifaa wakati sijasema nataka mwanafunzi aweze nini. Nimeandika sentensi moja: "Mwishoni mwa wiki ya 8, asikilize moyo katika vituo vinne vya kifuani na aseme kama ni wa kawaida au si wa kawaida, na mnong'ono (sauti ya ziada ya damu) upo kabla au baada ya sauti ya pili ya moyo." Kila kisichosaidia sentensi hiyo nakitoa.

Video zangu za saa moja zinaondoka. Zitabaki nane, dakika tano tano, kila moja ikianza na swali kabla sijasema lolote. Kila Jumatatu maswali 10 yenye maelezo, na nusu yake yanarudi ya wiki zilizopita. Kadi za Anki ni hiari, wataandika wenyewe. 3D kipindi kimoja, kwa zile sura tatu. Muda uliookolewa, saa mbili kwa wiki, unakwenda wodini na kwenye mazoezi ya wawili wawili.

Ninachokwama ni sauti zenyewe. Rekodi za minong'ono ya moyo mtandaoni zipo nyingi. Je, zinafundisha kweli, au ni video nyingine tu?

Sikio_la_Moyo

Mwalimu, zinafundisha, ukizitumia kwa wingi. Michael Barrett alichapisha mwaka 2004 kazi iliyoonyesha kwamba wanafunzi waliosikiliza kila mnong'ono marudio 500 waliutambua vizuri zaidi kuliko waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Kurudia 500 si kazi kubwa kama inavyosikika: moyo unaopiga mara 70 kwa dakika unaimaliza ndani ya dakika nane hivi. Anaweza kusikiliza akiwa njiani.

Mambo mawili ya kiufundi yanayoharibu zoezi hili. La kwanza, wazuie kutumia spika ya simu. Sauti ya tatu ya moyo na ngurumo ya vali ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyosinyaa ni nzito mno, ziko chini kabisa, na spika ndogo ya simu haizitoi. Mwanafunzi atasikiliza kimya na kudhani masikio yake ndiyo mabovu. Avae vipokea sauti vinavyoziba sikio.

La pili, usiandike jina la ugonjwa kwenye faili. Yaite 01, 02, 03, na ule wa kawaida uurudie mara nyingi katikati, maana wodini mioyo mingi ni ya kawaida. Asikilize, aandike alichosikia, kisha afungue jibu. Mimi huanza na jozi moja tu, vali ya aota iliyosinyaa na vali ya mitrali inayovuja, kwa sababu minong'ono ya zote mbili iko kati ya sauti ya kwanza na ya pili ya moyo, na hapo ndipo wanapochanganya. Wakishazitenganisha bila kusita, naongeza ya tatu.

Mkufunzi_wa_Wodi (mleta mada)

Asante sana. Faili 01 hadi 12 nazitayarisha wiki hii, na nitaanza na jozi hiyo. Yule mzee bado anakuja kliniki kila mwezi. Nitamwomba ruhusa asikilizwe tena wiki ya 8.