Rangi nyeupe ya mafuta: titani au zinki, ipi haigeuki njano?

mama_kigambo: Wadau kesho naenda dukani. Nataka nyeupe ya mafuta isiyogeuka njano. Muuzaji anasema ya titani, fundi wangu kang'ang'ania ya zinki. Nichukue ipi?

fundi_kimara: Ya kupaka wapi dada? Ndani, nje, mbao, chuma? Mnaleta maswali nusu nusu

mama_kigambo: Samahani, makabati ya jikoni na milango ya ndani. Mbao.

fundi_kimara: Zinki achana nayo. Mwanzo inang'aa kweli, ila kwenye mafuta inakuja kukakamaa kama ganda la yai, inapasuka na kubambuka. Titani inaficha, ukipaka mara mbili umemaliza.

brashi_kavu: Mnabishania unga wa rangi, titani au zinki, wakati kinachogeuka njano ni mafuta yenyewe. Mimi nilipaka korido glosi nyeupe, titani hiyohiyo, kopo la bei. Tukatundika kalenda, mwaka ukiisha tunatundika mpya juu ya ya zamani, kama miaka minne hivi. Siku nang'oa msumari nakuta umbo la kalenda la njano kama samli, pembeni kweupe!! Wife akasema moshi, sasa moshi uchague kuingia nyuma ya kalenda tu? Ni giza. Na pale panapigwa na mwanga wa dirisha, baada ya wiki kadhaa pakaanza kurudi peupe penyewe. Kwa hiyo dada, makabati yako yataanzia kwa ndani.

mchora_mbao: Kweli, na mafuta ya kitani ndo yanaongoza. Tyubu nyingi nyeupe za wachoraji zinatumia mafuta ya mbegu za kartamu, hayageuki sana ila hukauka taratibu na rangi haiwi imara sana. Zamani ulaya walipaka nyeupe ya madini ya risasi, ile haipasuki ovyo

bi_tausi: Risasi jikoni kwenye watoto?? Ni sumu hiyo

mchora_mbao: Nimesema zamani bibie, soma

pwani_tupu: Si uchukue akriliki ya maji tu, haigeuki

fundi_kimara: Milango iliyopakwa rangi ya maji inanata ukiifunga mapema, nimeitwa mara ngapi kwenda kubandua

pwani_tupu: Ulipaka hujasubiri ikauke fundi, usisingizie rangi 😂

bi_tausi: Geti langu pia hujalimaliza fundi, thina nilinunua mimi

mama_kigambo: Jamani jiko lenyewe halina dirisha, kuna matofali ya matundu tu huko juu

brashi_kavu: Ndo unasema saa hizi?