Naomba ushauri: rimoti inasomeka, programu ya Kodi haitikisiki

Habarini wakuu. Niko Mtwara mjini, Chikongola. Baada ya kuuza korosho nilijipa zawadi ya Raspberry Pi 4, kile kikompyuta kidogo cha bodi moja, nikaweka mfumo wake wa Raspberry Pi OS na Kodi, programu ya kuchezea sinema, diski ya sinema pembeni, waya wa HDMI hadi kwenye runinga. Kwa mausi kila kitu safi. Tatizo ni mama: mausi hataki hata kuigusa, anataka rimoti.

Nikachukua rimoti ya king'amuzi kilichokufa, nikanunua kipokezi cha mwanga wa rimoti, TSOP38238, kile kidude cheusi cha miguu mitatu. Nimekilisha volti 3.3, mguu wa data uko GPIO 18 (moja ya pini za Pi), na kwenye faili la mipangilio, config.txt, nimeandika dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18. Nikiendesha ir-keytable -t, amri ya kupima rimoti, nikabonyeza, namba zinamwagika vizuri, itifaki (lugha ya rimoti) inasema nec. Ila Kodi kimya kabisa, kama vile sijagusa kitu.

Nahisi kila namba inabidi niipe jina la kitufe, mfano KEY_UP au KEY_OK, kwenye faili la rc_keymaps, lile la majina ya vitufe. Je, hilo linatosha, au lazima niweke na LIRC, ile programu nyingine ya rimoti? Nikisoma huku naambiwa hivi, kule vile.

Halafu kuna hili: saa kumi na moja jioni jua likipiga dirishani, kipokezi kinakuwa kama kipofu, hadi nikisogelee hatua mbili. Nikifiche nyuma ya plastiki nyeusi, au nihamishe kabati? Kabati lenyewe la mninga, zito balaa.

Mwenye faili lake linalofanya kazi naomba alibandike hapa.